Fundi Anajibu: Umeme Ukikatikia Hapa Je?

Juzi nilikuwa kwenye daladala ya Mbezi, foleni ya Ubungo haisogei, nasoma barua zenu kwenye simu. Konda akaja kunidai nauli. Nikamwambia nimeshatoa. Akasema, "Sista, sijakuona." Mzee aliyekaa dirishani akanitetea, "Huyu kalipa, nimeona mimi," yakaisha. Barua ya kwanza ya mwezi huu ni kesi hiyohiyo ya konda na abiria, isipokuwa ndani ya seva hakuna mzee wa dirishani. Inabidi umtengeneze mwenyewe.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi wa mifumo upande wa nyuma, kule mteja asikoona. Seva, databesi, malipo, kazi za usiku. Ni mwaka wa kumi na nne sasa. Naandika msimbo, na siku hizi nauita msimbo kweli, maana niliwahi kusema kwenye simu "kodi imegoma tena" na mwenye nyumba wangu akapandisha ngazi mbio.

*Shikamoo Dada Fundi. Nimetengeneza mfumo wa ada kwa shule moja ya binafsi hapa Mwanza. Mzazi analipa kwa simu, kampuni ya simu inaleta taarifa kwenye seva yangu, naandika malipo, namtumia mzazi ujumbe wa kumshukuru. Wiki ya kufungua shule wazazi kumi na mmoja wameandikiwa malipo mara mbili, na pesa yao imekatwa mara moja tu. Mhasibu ananiangalia kama mwizi. Kampuni ya simu wanasema wao wako sawa. Kosa la nani? – Kijana wa Nyakato, Mwanza*

Marahaba, mdogo wangu. Kosa ni lako, ila usijinyonge, maana nililifanya mimi kabla yako. Mwaka 2015 nilitengeneza mfumo wa saccos ya madereva wa bodaboda. Wanachama kadhaa wakaonekana wamerejesha mkopo mara mbili, na mmoja wao akapewa mkopo mpya kwa sababu ya urejeshaji ambao haukuwapo. Nilimfuata kijiweni kwake mimi mwenyewe. Alinisikiliza vizuri sana, akaniuliza kama nataka kwenda mahali.

Fungua logi za siku ile, yaani kumbukumbu za kila tukio kwenye seva, usome muda. Nakubashiria utaona hivi. Taarifa imeingia saa 2 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Malipo yameandikwa sekunde hiyohiyo. Kisha mfumo wako ukaenda kutuma ujumbe kwa mzazi, na kampuni ya ujumbe, kwa kuwa nchi nzima inafungua shule, ikakuweka sekunde 40. Muda wote huo kampuni ya simu ilikuwa mlangoni kwako inasubiri neno moja: nimepokea. Ikasubiri, ikachoka, ikahesabu kwamba umezimika, ikaleta taarifa ileile tena. Wewe ukaipokea kama mgeni mpya.

Kwa hiyo kampuni ya simu kweli iko sawa. Isingerudia, siku umeme ukikata kwenu malipo ya watu yangepotelea hewani. Anayetuma kwenye mtandao ana njia mbili tu: atume mara moja na akubali nyingine zipotee, au arudie mpaka ajibiwe na akubali nyingine zifike mara mbili. Kwenye pesa kila mtu mwenye akili anachagua ya pili. Kazi ya kutambua kwamba "huyu nimeshamwona" inabaki kwako unayepokea.

Unamtambuaje? Kila muamala una namba yake, ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambao mzazi anauona kwenye ujumbe wa simu yake. Usitumie kiasi na namba ya simu, maana mzazi mwenye mapacha atalipa 350,000 mara mbili ndani ya dakika tano na zote ni halali. Tumia namba ya muamala, ihifadhi kwenye safu yake, na uiambie databesi kwamba safu hiyo hairuhusu kujirudia. Neno la SQL, lugha ya kuongea na databesi, ni `UNIQUE`. Huyo ndiye mzee wa dirishani.

Sasa hapa kuna shimo, na najua utalielekea kwa sababu wote tunalielekea. Utataka kuandika hivi: tafuta namba hii kwenye jedwali, kama haipo, ingiza. Inasomeka vizuri, na kwenye laptopu yako itafanya kazi kila ukijaribu. Lakini fikiria makarani wawili wanaotumia daftari moja la ada. Wa kwanza anafunua ukurasa, haoni jina, anageuka kuchukua kalamu. Wa pili anafunua ukurasa uleule wakati mwenzake bado anatafuta kalamu, naye haoni jina. Wote wawili wanaandika, na ukiwauliza wote wanaapa kwamba waliangalia kwanza. Na kweli waliangalia. Seva yako inaendesha maombi mengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo una makarani wengi kuliko unavyodhani. Acha kuangalia kwanza. Ingiza moja kwa moja, databesi ikatae yenyewe. Kwenye databesi ya PostgreSQL, kuanzia toleo la 9.5 la mwaka 2016, unamalizia sentensi yako na `ON CONFLICT DO NOTHING` na inakaa kimya bila kelele za kosa.

Na taarifa ikiwa ya marudio, jibu "nimepokea" kama kawaida. Nimeona vijana wanarudisha kosa, "muamala huu upo tayari", kwa namba ya kosa ya 500. Kampuni ya simu ikiona 500 inaelewa umeanguka, inaleta tena, unaikataa tena, na mnacheza mchezo huo mpaka usiku.

Bado ule ujumbe wa shukrani. Utoe kwenye njia. Taarifa ikifika, andika malipo, andika na mstari kwenye jedwali lingine liitwe `ujumbe_wa_kutuma`, kisha jibu nimepokea. Programu nyingine ndogo inapitia jedwali hilo kila baada ya sekunde chache na kutuma. Sharti ni kwamba mistari hiyo miwili iandikwe kwa mkupuo mmoja: yote au hakuna, kati ya `BEGIN` na `COMMIT`. Sababu ni swali ambalo namuuliza kila kijana anayeniletea kazi nimwangalizie. Nachukua kalamu, nachora mstari kati ya kila hatua mbili za msimbo wake, nauliza: umeme ukikatikia hapa je? Ukikatikia kabla ya mkupuo, hakuna kilichoandikwa, kampuni ya simu italeta tena. Ukikatikia baada ya mkupuo kabla ya kujibu, italeta tena na `UNIQUE` itaikataa. Ukikatikia baada ya kutuma ujumbe lakini kabla ya kuweka alama kwamba umetumwa, mzazi atapata ujumbe mara mbili. Hilo liache. Sijawahi kumwona mzazi akilalamika kushukuriwa mara mbili.

Kuhusu wale kumi na mmoja: usifute mstari hata mmoja. Andika mstari mpya wa kiasi hasi wenye maelezo, "marekebisho ya marudio, muamala fulani". Ukifuta, mhasibu atakuwa na haki ya kukuangalia anavyokuangalia. Ukirekebisha kwa mstari mpya utaona anakuletea chai, maana hivyo ndivyo wao wamefundishwa.

*Dada Fundi, habari za kazi. Mfumo wa miadi niliouweka kwenye zahanati moja mkoani Iringa unatuma ujumbe "Miadi yako ni kesho saa 8:00". Daktari anafika asubuhi, wagonjwa wanafika mchana na hasira. Seva iko sawa, saa yake nimeihakiki. – Msomaji wa Kihesa*

Nimecheka mpaka chai ikanipalia, samahani. Seva iko sawa, na wagonjwa wako sawa. Saa 8:00 kwa mtu wa Iringa ni saa nane mchana. Angetaka kuja asubuhi mngemwambia saa mbili.

Hesabu yenyewe ni ya mstari mmoja: chukua saa ya seva kwa mtindo wa saa 24, ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki, baki likiwa sifuri andika 12. Saa 8 inatoa 2. Saa 14 inatoa 8. Saa 18 inatoa 12, nayo ni saa kumi na mbili jioni kama bibi yako anavyoijua. Kisha ongeza neno la wakati, asubuhi au mchana au jioni au usiku, maana bila neno hilo saa ya Kiswahili haijakamilika. Na fanya hivyo mwishoni kabisa, pale unapounda ujumbe wa mgonjwa. Ndani ya databesi usiguse. Kwenye skrini ya daktari acha 08:00 yake.

Ukiwa na zamu za usiku kuwa mwangalifu zaidi. "Usiku wa Jumanne" kwa nusu ya nchi ni ule unaotangulia Jumanne na kwa nusu nyingine ni ule unaoifuata. Andika "usiku wa kuamkia Jumanne", hata kompyuta itakushukuru.

Kuhusu kuhifadhi: kilichokwisha kutokea, mfano malipo au mtu kuingia kwenye mfumo, kihifadhi kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Miadi ya mbele ihifadhi kwa saa ya ukutani pamoja na jina la eneo, `Africa/Dar_es_Salaam`. Sisi tumebahatika, Tanzania, Kenya na Uganda zote ziko masaa matatu mbele ya UTC na hatusogezi saa kwa misimu. Lakini Rwanda na Burundi ziko mawili, na Kongo ina saa mbili ndani ya nchi moja: Goma na Lubumbashi ziko mbele ya Kinshasa kwa saa nzima. Siku zahanati hiyo ikifungua tawi ng'ambo ya ziwa, mfumo wenye "+3" uliopachikwa katikati ya msimbo utakuamsha.

*Dada, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu Dodoma. Mradi wetu ni mfumo wa maktaba. Kiongozi wa kundi anataka tuugawe uwe huduma ndogondogo saba, kila moja na databesi yake, kama makampuni makubwa. Mimi naona tuandike programu moja. Tusuluhishe. – Mpenda Amani*

Programu moja. Mko wangapi kwenye kundi, wanne? Huduma saba kwa watu wanne ni ng'ombe saba kwa wachungaji wanne, na ng'ombe wenyewe wanapaswa kuongea kwa simu.

Miaka ya 1990 Peter Deutsch na wenzake pale Sun Microsystems waliorodhesha mambo ambayo watengenezaji wa mifumo iliyogawanyika huyaamini kimakosa, na la kwanza kabisa lilikuwa kwamba mtandao ni wa kuaminika. Ndani ya programu moja, kazi ikiita kazi nyingine, jibu linarudi. Kati ya huduma mbili kuna hali ya tatu, ambayo ni kimya: hujui mwenzako hakusikia, au alisikia akafanya, ila jibu ndilo lililopotea njiani. Rudi kwenye barua ya Mwanza uone kimya kimoja tu kilivyomtesa yule kijana, halafu kizidishe kwa idadi ya njia kati ya huduma saba.

Makampuni makubwa yaligawa kwa sababu yana mamia ya wahandisi wanaokanyagana kwenye msimbo mmoja. Nyinyi mnakanyagana kwenye meza ya kantini. Gaweni msimbo kwa mafolda yenye mipaka: vitabu hapa, wanachama hapa, faini hapa, na folda moja isiingize mkono kwenye majedwali ya mwenzake. Siku ya kugawa kweli ikifika mtakata kwenye mshono. Mwambie kiongozi wako nimemsalimu.

*Hujambo dadangu. Mimi niko Mombasa, natengeneza mfumo wa stoo kwa duka la spea za magari. Ripoti ya mwezi kwenye laptopu yangu inatoka hata sijapepesa macho. Kwa mteja inazunguka dakika nzima kisha inakufa. Programu iko kwa seva ya Nairobi, databesi nimeweka Frankfurt kwa sababu ilikuwa bei rahisi. Nikipima mwendo kati yao napata milisekunde 160. Spea ni aina 400. Niongeze nguvu ya seva? – Mwana wa Likoni*

Sijambo, ndugu yangu. Usiongeze kitu. Weka mkoba wa pesa chini tufanye hesabu.

Nina hakika msimbo wako unafanya hivi: unaleta orodha ya spea zote 400, kisha unaizunguka, na kwa kila spea unauliza databesi "hii imeuzwa ngapi mwezi huu?" Hayo ni maswali 401. Kwenye laptopu databesi iko ndani ya mashine hiyohiyo, swali halimalizi hata milisekunde moja, yote 401 yanaisha chini ya nusu sekunde. Kwa mteja kila swali linasafiri kwenda Ujerumani na kurudi. 401 mara 160 ni milisekunde 64,160. Sekunde 64. Seva yako inachoka kusubiri ikifika 60. Hapo hakuna kompyuta iliyolemewa. Databesi ya Frankfurt muda mwingi inapiga miayo ikisubiri swali linalofuata.

Na mwendo huo hautaununua. Mwanga ndani ya waya wa kioo unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi mpaka Frankfurt, ndege akiruka moja kwa moja, ni kama kilomita 6,300. Kwenda na kurudi hiyo ni milisekunde 63 hata kama waya ungenyooka kama rula, na waya haunyooki: unashuka kwenu Mombasa, unaingia baharini, unapita Bahari ya Shamu. Ungekuwa na seva ya bei ya nyumba, bado ungedaiwa hizo.

Ni kama mpishi anayemtuma mtoto sokoni kwa nyanya, akirudi anamtuma kitunguu, akirudi anamtuma chumvi. Mwandikie karatasi moja. Swali moja linalounganisha jedwali la spea na la mauzo, linajumlisha kwa kila spea, linarudi na mistari 400 kwa safari moja. `JOIN` na `GROUP BY`, basi. Kama unatumia maktaba ya msimbo, yaani msimbo wa wengine uliokwisha kuandikwa, inayokuandikia SQL, washa logi zake uone inachotuma kweli. Hizi maktaba ndizo zinazoficha hiyo mizunguko, unaandika `spea.mauzo` ukidhani unasoma kitu kilichopo mkononi, kumbe umemtuma mtoto.

Ukimaliza hilo, hamisha programu na databesi ziwe chumba kimoja, popote utakapochagua. Mteja wako mmoja kusubiri safari moja ya baharini kwa kila ukurasa si neno. Na Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua, mifumo iliyoteseka vibaya ambayo niliitwa kuitazama ilikuwa ya namna yako, mguu mmoja huku na mwingine ng'ambo.

Indeksi nazo, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia mistari, kwa ufupi. Jedwali la mauzo likifika mistari milioni moja, bila indeksi databesi inaisoma yote kutafuta ya mwezi huu. Ikiwa na indeksi inafanya kama unavyotafuta neno kwenye kamusi, unakata nusu, unakata nusu. Milioni moja inakwisha kwa kukata mara 20 hivi. Weka indeksi kwenye tarehe na namba ya spea kwa pamoja, tarehe ikitangulia. Ila usiziweke kila safu kama pilipili, maana kila mauzo mapya yanalazimika kuandikwa kwenye jedwali na kwenye kila indeksi. Tanguliza `EXPLAIN ANALYZE` mbele ya swali lako, databesi ikueleze yenyewe imepita wapi na imechelewa wapi. Msimbo wa kubashiri ninaukataa hata kwa wanaonilipa.

*Assalaam alaykum dada. Niko Maskati, asili yetu Unguja. Nasaidia biashara ya familia ya kusafirisha mizigo kwenda Zanzibar na Dar. Tunatoza kwa riali, tunalipa kwa shilingi. Jumla za mwisho wa mwezi zinapishana na za mhasibu kwa baisa moja mbili. Ni kidogo lakini zinaniudhi. – Binti wa Malindi*

Wa alaykum salaam, mpenzi. Na ziendelee kukuudhi, maana baisa mbili leo ni dalili.

Fungua programu yako ujumlishe 0.1 na 0.2. Itakuambia 0.30000000000000004. Kompyuta inaandika namba za nukta kwa msingi wa mbili, na moja ya kumi kwa msingi wa mbili haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho kwetu: 0.333 mpaka uchoke. Inakata mahali, na vipande vilivyokatwa vinajikusanya. Pesa isihifadhiwe kwa namba za aina hiyo. Hifadhi namba nzima ya kipande kidogo kabisa cha sarafu. Riali moja ni baisa 1,000, kwa hiyo 12.750 ihifadhi kama 12750, na jina la sarafu kwenye safu ya pembeni.

Jina hilo si pambo. Wengi wa huku wanapachika "gawanya kwa 100" kila mahali. Kwa riali utakosea mara kumi. Kwenye orodha ya kimataifa ya ISO 4217 riali ya Oman ina tarakimu tatu baada ya nukta, shilingi ya Tanzania na ya Kenya mbili (ingawa Kariakoo nzima hutampata mwenye senti mfukoni), na shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na ya Burundi hazina hata moja. Idadi hiyo itoke kwenye jedwali la sarafu, isitoke kichwani mwako.

Mambo mawili ya kuongeza kwa biashara yenu. Kila mnapobadilisha riali kuwa shilingi, hifadhi na kiwango mlichotumia siku hiyo, kwenye mstari uleule. Usije ukakitafuta tena baadaye, hakitakuwa kilekile. Na gharama ikigawanywa, mfano riali 10 kwa wenye mizigo watatu, kila mmoja baisa 3,333, inabaki baisa moja. Amueni leo ni ya nani, muiandike kwenye msimbo. Mimi humpa wa kwanza kwenye orodha. Nadhani baisa zako zilizopotea zote ziko hapo.

*Shikamoo dada. Nina mfumo wa kuhifadhi nafasi za wageni kwa kampuni ya utalii hapa Arusha. Bosi ameuliza kama tuna bakapu, nakala ya akiba ya data, nikasema ndiyo, kila usiku saa nane. Baada ya kumjibu nikakosa usingizi. Sijawahi kuifungua hata moja. – Asiyelala, Njiro*

Marahaba. Umefanya vizuri kukosa usingizi, wenzako wanalala.

Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, ambako maelfu ya mafundi duniani wanahifadhi misimbo yao, mhandisi wao aliyechoka usiku alifuta folda ya databesi kwenye seva isiyo yenyewe. Alidhani yuko kwenye ile ya akiba. Alipogutuka na kusimamisha, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5. Wakageukia bakapu. Ya kila siku ilikuwa imeshindwa kwa muda mrefu kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo jingine na la databesi, na barua pepe za kuonya zilikataliwa njiani zisifike kwa mtu. Ghala la mtandaoni lilipofunguliwa lilikuwa tupu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyohuyo aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Wakapoteza kazi ya saa sita badala ya kila kitu. Nawaheshimu kwa sababu waliyaeleza yote wenyewe hadharani, na hata urejeshaji wakauonyesha moja kwa moja YouTube.

Yangu ni ndogo kuliko hiyo na ya aibu zaidi. Nilikuwa na programu ya bakapu iliyoandika "imefanikiwa" kila usiku kwa miezi minne. Siku moja nafuta mafaili ya zamani kupata nafasi, nikaona mafaili yote 120 na ushee yana uzito uleule, baiti 20. Neno la siri la databesi lilikuwa limebadilishwa, kunakili kulikuwa kunashindwa, na kilichokuwa kinabanwa na kuhifadhiwa kwa nidhamu kubwa ni faili tupu. Baiti 20 ndio uzito wa hewa iliyobanwa kwa gzip, programu ya kubana mafaili. Hakuna aliyejua mpaka leo ninapowaandikia.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya chai, angalia uzito wa faili la usiku, ulinganishe na la wiki iliyopita. Kisha tafuta mashine nyingine, hata laptopu ya zamani, urejeshe humo. Usirejeshe juu ya seva inayofanya kazi, nakuomba. Ikikubali, hesabu: wageni wangapi wamo, na wa mwisho aliandikishwa lini? Andika na muda uliotumika, kwa sababu bosi akishajua mnayo bakapu swali lake la pili litakuwa itachukua muda gani.

Mimi hufanya hivyo kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mwezi uliopita urejeshaji ulichukua dakika 31, mwezi huu 52, na data haijaongezeka kiasi hicho. Bado sijajua kwa nini. Nimekaa nazo logi hapa. Ukipata uzito wa faili lako niandikie.